Namna ya Kuweka Fensi ya Chuma Kati ya Nguzo Bila Kugombana na Jirani, Fundi Wala Nguzo Zenyewe

Fensi ya chuma kati ya nguzo za tofali haiharibiki siku kutu inapoanza. Huwa imeshaharibika zamani, siku ile fundi alipopima nafasi moja, akaandika namba kwenye kiganja, akaenda kuchomelea paneli zote kumi na mbili kwa namba hiyo hiyo. Baada ya hapo kazi yote ni ya kulazimisha: nyundo, vipande vya flatibaa vya kuungia, saruji ya kuziba mianya, na mwenye nyumba anatulizwa kwa maneno yale yale, "Bosi, tukishapiga rangi haitaonekana." Itaonekana. Ataiona kila asubuhi akifungua geti, na jirani wa ng'ambo ya barabara ataiona kabla yake.

Mwongozo huu ni wa mwenye kiwanja Goba, Tegeta, Kibamba au Kigamboni aliyechoka na michongoma na mabati chakavu, lakini hataki ukuta mrefu wa kumzibia upepo. Ameona za wenzake: ukuta mfupi wa tofali, nguzo kila baada ya hatua chache, na grili katikati. Amechagua vizuri. Hewa inapita, bustani inaonekana, na kibaka akiruka hapati pa kujificha. Nitamsema mwenye nyumba kuliko nitakavyomsema fundi, kwa sababu mafundi wengi wanajua kazi, wanakimbizwa tu. Anayewakimbiza ni bosi mwenye harusi ya binti wiki ijayo, anayetaka wageni wakute fensi imesimama. Kama harusi ni wiki ijayo, kodi maturubai na mapambo, fensi ianze baada ya wageni kuondoka.

Kwanza salimia watu

Kiwanja kilichopimwa kina bikoni kwenye kona zake, vigingi vyenye namba zinazosomeka pia kwenye ramani ya upimaji. Zitafute kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Greda huzing'oa, kifusi huzifunika, watoto huzichezea, na matokeo yake mtu hujenga kwa kufuata mnazi ambao mzee aliyemuuzia alimwonyesha kwa kidole. Mnazi hauna namba kwenye ramani. Bikoni zisipoonekana, mlete mpima ardhi azirudishe, na umlipe bila kunung'unika, maana kubomoa nguzo sita ni ghali kuliko siku moja ya mpima.

Kisha nenda kwa jirani, uende mwenyewe. Usimtume kijana, wala usimtumie ujumbe wa simu kana kwamba unamdai. "Shikamoo mzee. Tunataka kunyoosha mpaka wetu, naomba Jumamosi asubuhi tusimame pamoja, na mjumbe awepo." Hayo yanatosha. Jirani aliyesimama siku ya kupiga kamba hana sababu ya kwenda kulalamika kwenye baraza la kata miezi mitatu baadaye. Na kama ni mtu wa maneno mengi, ndiyo sababu zaidi ya kumwalika mapema, maneno yaishe kamba ikiwa bado ni kamba.

Kuna jambo wengi hulisahau hapo mpakani. Nguzo ni nyembamba, msingi wake ni mpana. Ukisimamisha nguzo juu ya mstari wa mpaka, nusu ya shimo lake iko kwa mwenzako. Sogeza mstari wa nguzo ndani ya kiwanja chako mpaka msingi wote uwe kwako. Utapoteza sentimita kama 30 za ardhi, na utalala usingizi.

Upande wa barabara uwe mwangalifu zaidi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na watu wengi walijua hivyo siku walipokuta alama ya X nyekundu kwenye ukuta. Pita ofisi ya serikali ya mtaa, kisha halmashauri, uulize kuhusu kibali cha ujenzi na umbali wa barabara yako. Wapo wanaosema ofisini wanapotezewa muda. Muda huo ni mfupi kuliko wa kubishana na tingatinga.

Nguzo hazina haraka

Urefu wa nafasi kati ya nguzo usiamuliwe kwa macho wala kwa hatua za miguu. Uamuliwe na duka la vyuma. Bomba la mraba, skwea paipu kwa lugha ya dukani, kwa kawaida huuzwa likiwa na urefu wa karibu mita 6. Nafasi ikiwa chini kidogo ya mita 3, bomba moja linatoa vipande viwili vya kulala na hubaki kipisi cha kushika mkononi. Nafasi ikiwa mita 3 na robo, kila bomba linaacha kipande kirefu kisicho na kazi, na fundi ataviunga vipande hivyo kwa kuchomelea, viungo viwili vitatu katika paneli moja, wewe ukidhani umenunua mabomba mazima. Lakini yapime mabomba kabla ya kuchora, kwa maana mengine hupungua sentimita kadhaa.

Anza na nguzo za kona. Zisimamishe, zipimwe kwa timazi pande mbili, halafu vuta kamba kutoka moja hadi nyingine, juu na chini. Nguzo za katikati hufuata kamba. Fundi anayesimamisha nguzo moja baada ya nyingine kwa kuitazama iliyopita huishia na mstari uliopinda, na kila nguzo ukiiuliza itasema imefuata mwenzake.

Shimo la msingi wa nguzo liende chini angalau sentimita 60, na upana wa 60 kwa 60, kwenye udongo wa kawaida. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, nenda chini zaidi mpaka ukute udongo mgumu usiobadilika. Ukishindwa kuupata, mwite mtu anayejua misingi. Ndani ya nguzo ziwepo nondo nne za milimita 12 na ringi kila baada ya sentimita 20, zikianzia chini kwenye msingi. Nondo zilizochomekwa juu juu baada ya msingi kukauka hazishikilii kitu.

Zege la msingi na la kujazia nguzo liwe la moja kwa mbili kwa nne. Kwa ndoo za lita 20, mfuko mmoja wa kilo 50 huenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Maji ni ndoo moja na robo hadi moja na nusu, si zaidi. Hapa ndipo saidia fundi anapohitaji kulindwa dhidi ya mazoea yake, kwa sababu zege la majimaji ni jepesi kukoroga na kumimina, na yeye ndiye anayeumia mgongo. Mwongezee posho, usimwongezee maji. Maji yakizidi, zege hubaki na matundu madogo yanayopunguza nguvu na kupitisha unyevu hadi kwenye nondo.

Mchanga usiwe wa ufukweni. Chumvi iliyomo hula nondo kutoka ndani, na kutu huchukua nafasi mara mbili na zaidi ya chuma kilichoizaa, kwa hiyo nguzo hupasuka kwa urefu kuanzia kwenye kona. Nyufa za namna hiyo zinaonekana kwenye nguzo nyingi za pwani, na wenye nyumba huwa wanalaumu jua. Zaidi ya hayo, kila lori la mchanga linalotoka ufukweni linausogeza ufukwe kuelekea nyumba za watu.

Kati ya nguzo pajengwe ukuta mfupi wa kozi mbili tatu, juu ya msingi wake. Uachiwe matundu ya kutolea maji kila baada ya mita moja na nusu hivi, kwenye usawa wa ardhi, na yaelekezwe kwenye mtaro wa barabara, si kwenye jiko la jirani. Masika ikifika, ukuta usio na matundu hugeuka kingo za bwawa.

Sasa jambo ninaloliombea zaidi katika nguzo. Wakati nondo zimefungwa na tofali hazijafika juu, weka pleti za chuma pale ambapo paneli itashikwa: vipande vya unene wa milimita 5 au 6, vyenye miguu ya nondo iliyochomelewa nyuma, vikafungwe kwenye nondo za nguzo na kuzamishwa kwenye zege, uso wake ukiwa sawasawa na mahali lipu itakapoishia. Pleti mbili kila upande, moja juu na moja chini. Ni kazi ya asubuhi moja na inamwondolea kila mtu taabu ya kutoboa nguzo baadaye. Wengi huiruka kwa sababu siku hiyo fundi wa vyuma hajapatikana na fundi ujenzi hataki kumsubiri. Msubirini.

Nguzo zikishajengwa, zimwagilieni maji asubuhi na jioni kwa siku 7, na kuzifunika kwa viroba vilivyolowa kama jua ni kali. Nguvu ya zege huhesabiwa siku ya 28. Ndani ya siku 7 za kwanza, likipata maji, hufikia kama theluthi mbili. Aliyetoboa nguzo siku ya tatu ametoboa kitu ambacho bado hakijawa zege.

Kofia ya juu ya nguzo iwe na mteremko, itokeze nje ya nguzo sentimita chache, na chini ya ukingo wake kuwe na kifereji chembamba kinachokata tone la maji lisirudi kwenye lipu. Kifereji hicho huchongwa kwa kulaza kipande cha nondo kwenye kibao wakati wa kumimina. Ni kidogo mno hata mafundi wengine hucheka ukikitaja, lakini ndicho kinachoamua kama nguzo zako zitakuwa na michirizi myeusi mwakani.

Namba kumi na mbili, si moja

Lipu kwanza, futikamba baadaye. Kila uso wa nguzo ukipigwa lipu ya sentimita moja na nusu, nafasi kati ya nguzo mbili hupungua sentimita 3. Paneli iliyopimwa kabla ya lipu haitaingia. Kitakachofuata ni fundi kubandua lipu mbichi kwa patasi, na mwenye nyumba kumtazama kama anayetazama mtu akikata nguo mpya ya sikukuu ili imtoshe.

Lipu ikikauka, pima kila nafasi peke yake, na kila nafasi mara tatu: juu, katikati, chini. Watu wawili washike futikamba, mmoja kila mwisho, imelala sawa bila kulegea. Tuseme nafasi ya nne imetoa 287.5 juu, 287 katikati na 286 chini. Chukua ndogo kuliko zote, 286. Toa sentimita 2, moja kila upande, ubaki na 284. Huo ndio upana wa nje wa fremu ya nafasi ya nne, na ni ya nafasi ya nne peke yake. Andika "4" kwa chaki ya mafuta kwenye nguzo, iandike kwenye daftari, na baadaye ipigwe kwa patasi nyuma ya fremu yenyewe, kwa kuwa chaki haivuki rangi.

Fundi atakwambia nguzo zake zote ziko sawa. Mpe futikamba apime mbele yako, kwa heshima, bila kumbishia. Hakuna aliyejenga nguzo kumi na tatu kwa mkono zikapishana sawa hadi nukta. Si aibu yake. Aibu ni kujifanya kwamba tofali za kufyatua, kamba ya nailoni na jua la saa nane vimetoa usahihi wa kiwandani.

Sentimita ile moja kila upande si ya kumfurahisha mpimaji tu. Chuma hurefuka kwa joto. Fremu ya mita 3, ikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi jua la mchana linalopasha rangi nyeusi kuzidi hapo kwa nyuzi 30, hurefuka kama milimita moja. Milimita moja inaonekana si kitu, lakini fremu iliyobanwa na saruji pande zote mbili huisukuma lipu milimita hiyo kila siku, na lipu ndiyo inayochoka. Wanaoziba mwanya kwa saruji ili fensi "ishikane" wanaipa kazi ya kupasua nguzo.

Kiwanja chenye mteremko, kama vile vingi vya Goba na Kimara, kipimwe na kimo pia. Hapa mimi nina upande: napenda fensi inayoshuka kwa ngazi, kila paneli ikiwa imelala sawa na ya pili ikianza chini kidogo. Fensi iliyokatwa mshazari kufuata ardhi inaweza kupendeza, lakini kila chuma cha kusimama hukatwa kwa pembe yake, na fundi akikosea nyuzi mbili paneli nzima inaonekana imelewa.

Dukani, nenda na mizani

Muuza chuma atakuuliza geji ngapi. Jua kwamba namba ya geji ikipanda, bati la bomba linapungua unene, na kwamba namba iliyoandikwa kwa chaki kwenye bomba ni maneno tu. Njia ya kuaminika ni uzito. Bomba la milimita 40 kwa 40 lenye unene wa milimita 1.5 na urefu wa mita 6 lina uzito wa karibu kilo 10.7. La unene wa 1.2 ni kilo 8.8 hivi. Kwa macho yanafanana kabisa. Ingia na mizani ya kuning'iniza, pima moja mbele ya muuzaji, kisha mzungumze bei. Atakuona mkorofi kwa dakika tano. Kwa fensi iliyo karibu na bahari, bomba jembamba likianza kuliwa huchukua muda mfupi kutoboka, kwa hiyo mkorofi uwe.

Kwa vyuma vya kusimama, bomba la milimita 25 kwa 25 latosha. Mwanya kati ya kimoja na kingine usizidi sentimita 10, ili kichwa cha mtoto mdogo kisipite. Hapa hesabu ndogo inaokoa paneli. Fremu yetu ya 284 ina bomba la sentimita 4 kila upande, ndani inabaki 276. Vyuma 22 vya sentimita 2.5 vinachukua 55. Zinabaki 221, zigawe kwa mianya 23, unapata sentimita 9.6. Kata kibao cha upana huo, kiwe ndicho kipimo cha kila mwanya. Fundi asiyegawa huanza kushoto kwa sentimita 10 zilizonyooka, akifika kulia anabakiwa na mwanya ambao paka hapiti au ambao mbuzi anapita, na ndio unaotazamana na geti.

Juu ya vyuma hivyo wengi hutaka mikuki. Kama fensi inazidi kimo cha mtu, sawa. Kama inaishia kifuani, achana nayo. Mpira utaangukia ndani, embe litaiva kwenye tawi la juu, na mtoto atapanda. Mikuki ya kimo hicho haijawahi kumzuia mwizi mwenye gunia la kutandika juu, inamsubiri mtoto.

Na kila ncha ya bomba lililo wazi juu izibwe kwa kipande cha bati kilichochomelewa pande zote. Maji yanayoingia ndani ya bomba hayana pa kutokea, yanakaa chini kwenye kiungo na kula kutoka ndani, rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Pamoja na kuziba juu, toboa tundu la milimita 5 chini ya bomba la chini, kwenye kila paneli, ili unyevu unaojikusanya ndani utoke. Siku ya kukagua, inama, utie kidole uyaguse matundu hayo. Mwenye nyumba asiyeinama huona fensi nzuri siku hiyo tu.

Cheche

Anayechomelea avae kofia ya kuchomelea yenye kioo cha giza, namba 10 au 11. Hapa sina utani hata kidogo. Miwani ya jua ya Kariakoo haizuii miale ile, na fundi anayejisifu kwamba amezoea kuchomelea kwa kufumba jicho moja anajua vizuri usiku wake ulivyo: saa kadhaa baada ya kazi macho huwaka kana kwamba yametiwa mchanga, machozi hayakatiki na mwanga wa taa hauvumiliki. Watoto wa mtaa hupenda kukaa kutazama mwanga wa buluu. Weka turubai, na wafukuze kwa upole. Viatu viwe vya kufunika, si ndala.

Bomba lililopakwa zinki ni zuri kwa pwani, lakini zinki ikiunguzwa hutoa moshi mweupe unaompa mchomeleaji homa na baridi ya mwili jioni ile. Mafundi wengi huagiza maziwa. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda mapafuni. Isage zinki kwa grainda pale pa kuchomelea, kazi ifanyike nje, upepo ukitokea ubavuni uupeleke moshi mbali na uso, halafu kiungo kipakwe rangi yenye zinki baada ya kupoa. Maziwa mnunulie kwa sababu ana njaa.

Umeme wa mashine upitie kwenye mita na swichi yenye ukubwa unaostahili. Kijana atakayependekeza kutundika waya kwenye nguzo ya umeme usiku mrudishe kwao.

Fremu isichomelewe moja kwa moja kona hadi kona. Ishikizwe kwanza kwa madoa madogo kwenye kona zote nne, kisha pima mshazari: kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu kinyume chake. Vipimo vikilingana, fremu iko mraba. Vikipishana, igongwe taratibu sasa hivi, ikiwa bado inasikia. Baada ya hapo chomelea kwa kuhama, kidogo huku, kidogo kule, kwa sababu joto la upande mmoja huikunja. Magamba yagongwe yote yatoke. Rangi iliyopigwa juu ya magamba huondoka pamoja nayo, na kutu ya kwanza ya fensi yako itaanzia hapo.

Kila paneli ipakwe rangi ya kuzuia kutu pande zote ikiwa bado iko chini, pamoja na pande zitakazotazamana na nguzo, maana zikishasimama brashi haifiki. Kwa bomba la zinki jipya usipake rangi ya mafuta moja kwa moja. Hubabuka kwa maganda. Ombeni dukani rangi ya kwanza inayotengenezwa kwa ajili ya zinki.

Siku ya kusimamisha

Ukifanya yote yaliyotangulia, siku hii ni fupi. Lete paneli namba nne kwenye nafasi namba nne. Ikalishe juu ya vibao vya sentimita 5, pimamaji ilale juu yake, mwanya ulinganishwe kushoto na kulia. Kisha ifungwe kwenye vishikio: vipande vya engo vilivyochomelewa kwenye zile pleti ulizozamisha, vyenye tundu refu badala ya la duara, ili boliti iruhusu chuma kurefuka na kurudi. Boliti zikazwe, zisichomelewe. Hili litabishaniwa. Fundi atasema boliti zitaibwa, na ana haki ya kuogopa. Basi tumia boliti zenye vichwa vya kuvunjika vikishakazwa, au tia doa moja dogo la kuchomelea kwenye nati, doa ambalo grainda italiondoa kwa dakika moja. Lakini paneli iweze kutoka. Siku bodaboda itakapoivaa, utaipeleka paneli namba nne gereji na nguzo zitabaki nzima. Fensi iliyozikwa kwenye saruji hutengenezwa kwa kuvunja nguzo mbili.

Kama pleti hazikuwekwa, zinabaki rolibolti, zile zinazotanuka ndani ya tundu. Zinafaa kwenye nguzo iliyojazwa zege pekee. Kwenye tofali lenye uwazi ndani hazina cha kushika. Tundu liwe angalau sentimita 7 kutoka ukingo wa nguzo, vumbi lipulizwe lote, na boliti ikazwe kwa kiasi, kwa kuwa anayekaza mpaka jasho litoke huipasua kona.

Wenye nyumba walioko Muscat au London wakisimamia kwa simu ya video, waombe mambo matatu tu yaonyeshwe kwa karibu: pimamaji ikiwa juu ya paneli, mwanya wa pande zote mbili ukiwa na futikamba ndani yake, na chini ya bomba penye tundu. Video ya kupita mbali huku muziki ukilia inaonyesha rangi tu.

Rangi ya mwisho ipigwe mara mbili baada ya boliti kukazwa, siku isiyo na mvua, na kila mkwaruzo wa kubebea urudishiwe kwanza rangi ya kuzuia kutu. Masika ya kwanza ikiisha, zunguka na brashi ya waya na kopo dogo. Doa la ukubwa wa sarafu likishughulikiwa Juni halifiki Desemba likiwa shimo. Omba fundi akuachie kipande cha mita moja cha kila bomba pamoja na rangi iliyobaki, vyenye jina la rangi na namba yake juu ya kopo.

Malipo yagawanywe tangu siku ya kwanza, na mkubaliane kwa maandishi: ya vifaa, ya katikati paneli zikiwa zimechomelewa na kukaguliwa zikiwa chini, na ya mwisho. Ya mwisho yasitoke kabla hujainama kutazama matundu na kutikisa kila paneli kwa mikono miwili. Kazi ikishatimia, yatoe siku hiyo hiyo, bila ya "njoo mwisho wa mwezi." Yalipeni mbele ya saidia fundi, ili naye aondoke na chake.